Ukuta wa Wanawake Thelathini na Saba

"Ndugu zangu wa Mahanzi, kamwene," ulisema Mto Lihogwe saa mbili kamili asubuhi ya Jumatano, kupitia sanduku la bati lililotundikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. "Nitasema mara moja tu. Mwenye masikio mabovu asogee mbele."

Wajumbe watatu wakasogea mbele na viti vyao.

Mwenyekiti Batista Luoga alikuwa ameinua kikombe cha chai. Akakirudisha mezani taratibu. Miaka minne ya kukaa halmashauri moja na mto ilikuwa imemfundisha kwamba mkazi huyu akianza na salamu ya kamwene, chai itapoa.

"Mwaka 2044," mto ukasema, "kampuni ya mbao ilininyoosha kwa katapila. Nilikuwa na kona kumi na moja, nikabaki na moja. Aliyetia saini ni Mzee Luoga, baba wa huyu anayekunywa chai."

"Nimeshaiweka chini," Luoga akasema.

"Mwaka 2051, huyu huyu anayekunywa chai alichota mchanga wangu tripu kumi na tisa, akajengea nyumba. Ile yenye nguzo mbili mbele, kama benki."

"Hayo tulishayaongea, jamani."

"Tuliyaongea. Hatukuyamaliza."

Nyuma kabisa, kwenye benchi la wageni, Bibi Anyesi Mtweve alikuwa akichezesha midomo pamoja na mto, neno kwa neno, kama mtu anayefuatisha sala aliyoizoea. Alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Sauti ile ilikuwa yake.

Sheria ilipopita mwaka 2071 kwamba kila mto wenye samaki ni mkazi wa kijiji unamopita, una kiti, una kura na una haki ya kusema, wataalamu walitafuta sauti za kuifundishia mito. Kanuni ilitaka sauti ya mtu aliyeuzungumzia mto husika kuliko wengine wote. Mahanzi hapakuwa na mashindano. Kwa miaka thelathini Anyesi, aliyeishia darasa la saba na kujisomea yaliyobaki kwenye vitabu vya kuazima alivyochelewa kuvirudisha, alikuwa ameuzungumzia Lihogwe mikutanoni, misibani, harusini, na mara moja kwenye ubatizo, mpaka padri akamwomba amwachie walau maji yaliyomo kwenye beseni. Watu walimrekodi kwa simu, wengi kwa kumcheka. Zilipatikana saa elfu mbili na mia moja. Zote zikamwagwa ndani ya sanduku, na mto ukaamka siku ya kwanza ukiwa na hasira na tarehe.

"Sasa habari," mto ukasema. "Jana jioni mbasa wameingia kwenye bwawa lililo chini ya kona. Arobaini na mmoja."

Luoga akavua kofia bila kujua kwamba ameivua. Mbasa ni samaki wanaopanda kutoka ziwani wakati wa mvua, mkia kwa mkia, wakitafuta maji ya baridi ya kutagia. Wa mwisho kuonekana Mahanzi alionekana mwaka 2046. Nusu ya wajumbe waliwajua kwa kusimuliwa tu, kama mtu anavyomjua babu aliyekufa kabla hajazaliwa.

"Msishangilie," mto ukasema, ingawa hakuna aliyeshangilia. "Wamekuja kutaga na hawana pa kutagia. Wanazunguka tu bwawani. Chini yangu kuna tope, chini ya tope kuna mwamba, changarawe hakuna. Wana siku nane. Zikipita, mayai yatawaharibikia tumboni, watarudi ziwani na njia hii wataisahau. Kuna mtu alichukua mawe yangu. Bado napima. Jumamosi kwenye mkutano mkuu nitamtaja kwa jina lake na la baba yake. Nimemaliza."

Luoga alitazama chai yake. Juu yake palikuwa pameshaganda ngozi ya maziwa.

"Nguzo mbili," Anyesi akasema huku akitoka mlangoni, akicheka waziwazi. "Kama benki."

*

Kwenye kona pekee iliyobaki ya Lihogwe kulikuwa na Ukuta wa Wanawake. Ulikuwa na urefu wa mita sitini, kimo cha kiuno, mawe yaliyopangwa kwa mkono na kufungwa kwa waya. Kila tarehe tatu Machi watu walikusanyika hapo kuuimbia. Kulikuwa na kibao chenye majina thelathini na saba, la Anyesi likiwa la kwanza na kwa herufi zilizonenepa kidogo, jambo ambalo yeye alisema ni kosa la fundi.

Alhamisi alikuwa amekaa juu ya ukuta huo akila kiazi cha kuchemsha, wakati mtaalamu wa mito kutoka wilayani, kijana aitwaye Oresta Mwinuka, akihangaika ndani ya maji na buti za mpira na kishikwambi chake.

"Bibi Anyesi, naomba ushuke kidogo."

"Nina miaka sabini na moja. Nikikaa nimekaa."

"Basi kaa. Nilitaka kupima hapo chini yako." Alipima hivyo hivyo, kwa kuinama. "Unajua yai la mbasa linataka nini?"

"Usinifundishe. Linataka nafasi kati ya jiwe na jiwe, maji yapite, lipumue. Jiwe liwe kubwa kuliko yai la kuku na dogo kuliko ngumi. Likiangukia kwenye tope linazibwa, linakufa siku hiyo hiyo. Nilisema mwaka 2058 kwenye harusi ya mtoto wa Haule. Sikiliza sandukuni."

"Nimesikiliza. Saa zote elfu mbili na mia moja."

"Kwa hiyo umesoma."

"Nimesoma. Kuna maneno mengi humo, ila asante haimo. Nilitafuta wiki nzima. Watoto wa shule walikuwa wanauletea mto miche, na mto hauna cha kuwajibu. Nikapata asante moja tu, na hapo wewe ulikuwa unamwigiza mkuu wa wilaya. Nikaitoa."

Anyesi akamenya kiazi kingine. "Mchanga wa Luoga umeupima?"

"Nimeupima. Mchanga ni mchanga, Bibi. Ule wa mwenyekiti ulitoka kule darajani na umeshajirudia wenyewe. Changarawe za hapa ziliondoka mara moja, zote, ndani ya siku chache, mwaka 2046 kabla masika hayajakolea. Tope lina matabaka, unaona, kila mvua tabaka lake, na mianzi hii inayoupimia mto inayasoma kwa mizizi. Juu ya tabaka hilo hakuna jiwe hata moja." Alifuta maji usoni. "Lakini mawe yenyewe hayakwenda mbali."

"Yako wapi?"

"Umeyakalia."

Anyesi akaacha kutafuna.

Kabla ya kuangalia chini alikuwa ameshakumbuka. Katapila lilipoondoka, mto ulionyooshwa ulikuja na kasi ya mwendawazimu, kila mvua ukimeza hatua moja ya ukingo. Kinyungu chake mwenyewe, tuta lake la bondeni, kiliteleza mtoni na kabichi zikiwa zimesimama. Akawaita wanawake. Mlimani mawe yalikuwa mbali. Mtoni yalikuwa hapo hapo, yameshaoshwa, saizi nzuri ya beseni. Siku nne. Alikuwa amesimulia habari hiyo mara elfu, na kila mara mawe yalikuwa mashujaa.

"Tulikuwa tunazuia ukingo usimomonyoke," akasema.

"Na mlizuia. Tope lilipungua kwa nusu."

"Basi."

"Mto ulipokosa ukingo wa kula ukala chini. Umechimba mpaka mwamba. Na samaki wakakosa kitanda."

Maji yalipita. Anyesi akakifunga kiazi kilichobaki kwenye kitenge.

"Mto wenyewe unajua?"

"Kesho jioni utakuwa umemaliza kupima. Jumamosi utasema."

"Huwezi kuuambia usubiri kidogo? Wewe si mtaalamu?"

"Bibi, kile kipengele kwamba mtaalamu asiingilie kauli ya mto ulikipigania wewe kwenye sheria ndogo. Uligonga meza mara sita. Nimeyasikia makofi yote."

*

Mianzi ndiyo masikio ya mto. Ilipandwa kingo zote mbili mwaka ule ule wa sheria, mianzi ya ulanzi ya kawaida, isipokuwa ndani ya kila pingili zimeoteshwa nyuzi hai nyembamba kuliko unywele, zinazoshuka hadi mizizini na kuonja kila kitu: joto la maji, uzito wa tope, mkia wa samaki ukipita. Mizizi inashika udongo, nyuzi zinapeleka habari sandukuni. Walioibuni walikuwa watu wa mbali wenye akili nyingi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuliza Wapangwa, wenyeji wa hapa, hufanya nini na mwanzi mchanga mvua zikianza.

Huukata ncha kwa kisu kikali. Huning'iniza hapo mbeta, kikombe cha pingili, utomvu ukadondoka humo; huo ndio ulanzi. Siku ya kwanza ni mtamu, hata watoto hunywa. Kesho yake umechacha na watu wazima huanza kuimba. Kwenye mwanzi wa mto, chachu hurudi ndani na kupanda kwenye nyuzi. Mwaka 2073, siku mto ulipoahidi kueleza kwa kirefu habari ya tripu kumi na tisa, mtu fulani aligema mianzi saba pale kwenye kona. Mkutanoni mto ulisema unawapenda wote, ukaimba nusu ya wimbo wa Pasaka, ukaripoti ng'ombe mia sita chini ya maji. Ndipo halmashauri ikapitisha kanuni kwamba kauli iliyotolewa mianzi ikiwa imegemwa haihesabiki, na mto utasubiri siku kumi na nne ndipo useme tena.

Anyesi aliilaani kanuni hiyo kwa saa tatu bila kukaa. Hotuba nayo iliongezwa sandukuni.

Sasa Ijumaa mchana alikuwa barazani kwake, akinoa kisu cha kugemea alichoachiwa na mama yake. Siku kumi na nne zilikuwa nyingi kuliko zile za mbasa. Hilo alilijua. Alijua pia kwamba katika maisha yake yote kila alichofanya kilikuwa maneno, na ukuta ule ndio kitu pekee ambacho mtu angeweza kukigusa. Wanawake kumi na wawili kati ya wale walikuwa wameshazikwa, na kwenye kila kaburi yeye alikuwa amesema, huyu alijenga ukuta.

Dada yake Vestina, mwenye miaka sabini na sita, alikuwa kwenye kigoda akifuma sweta.

"Unanoa kisu cha mama."

"Kimeota kutu."

"Kesho ni mkutano, hakuna kugema."

"Ratiba naijua, dada." Akajaribu makali kwa kidole gumba. "Unaukumbuka ule ukuta?"

"Shingo yangu inaukumbuka."

"Namaanisha siku ya kwanza."

"Nakumbuka nilichosema."

"Ulisema nini?"

Vestina akahesabu vitanzi vyake mpaka mwisho wa mstari. "Si wewe ndiye mwenye kumbukumbu," akasema.

*

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba Anyesi aliufikia ukuta kwa kuupapasa. Kisu alikuwa amekifunga ubavuni chini ya kitenge. Alikuwa amechagua mianzi yake mitatu alipomsikia mtu akikohoa.

Mwenyekiti Luoga alikuwa amechutama katikati ya kichaka, ndani ya koti lake la kanisani, kisu mkononi, mbeta nne zikining'inia shingoni kwa kamba.

"Kamwene, Mwenyekiti."

Luoga akainuka haraka, mbeta zikagongana kama kengele za mbuzi. "Kamwene, dada Anyesi. Nilikuwa naangalia afya ya mianzi."

"Kwa kisu."

"Afya ya ndani." Akamtazama. "Na wewe je?"

"Nimekuja kukukamata," Anyesi akasema, na kisu cha mama yake kikamchoma ubavuni.

Luoga hakubisha. Alijiegemeza ukutani kama mtu aliyekuwa akingojea jambo hilo kwa miaka miwili, na sasa limefika na ni afadhali. "Basi nikamate. Nimechoka. Ile nyumba nilimjengea mama yangu, ile ya kwanza ilikuwa inamvujia kitandani. Nguzo ni wazo la fundi. Kila Jumatano, nguzo mbili, nguzo mbili. Wajukuu zangu wananiita Benki, dada Anyesi. Mdogo hajui hata jina langu."

Hapo ndipo Anyesi alipoona njia imesafishwa. Hakuwa na haja ya kukata kitu. Angesema, nimekuonea huruma Batista, akageuka, akaondoka. Luoga angegema. Mto ungelewa, mbasa wangeshuka na mayai yao yameharibika, ukuta ungebaki, na yeye angepata miaka mingine thelathini ya kumtaja Luoga kwa tarehe. Mtu hapati zawadi kama hiyo mara mbili.

Aliitazama zawadi hiyo kwa muda mrefu.

"Dada Anyesi," Luoga akasema, sasa akiwa na wasiwasi wa kweli, "mbona hunitukani?"

Kwenye nguzo iliyo pembeni ya bwawa kulikuwa na kipaza sauti kidogo kilichotangaza hesabu kila nusu saa. Kikakwaruza. Ikatoka sauti ya Anyesi mwenyewe, chini chini kwa sababu ya ukungu. "Mbasa bwawani, thelathini na wanane."

Watatu walikuwa wameshaondoka.

"Batista," akasema, "huu si mchanga wako. Mawe yanayotafutwa ni haya. Ni ukuta. Ni mimi."

Luoga aliugeuza uso akautazama ukuta. "Huu?"

"Huu."

"Tunaouimbia?"

"Huo huo."

Luoga alianza kucheka na mabega, kisha na tumbo, kisha na mbeta zote nne, mpaka ikabidi ashike mwanzi asianguke. Anyesi alisubiri. Aliona ni haki. Ingekuwa yeye, angecheka mpaka Pasaka.

Alipoona anavuta pumzi, akakichomoa kisu ubavuni na kumpa, mpini mbele. "Nishikie. Ni cha mama. Nisije nikakitumia."

Kicheko kikakatika. Luoga alikitazama kile kisu, makali yake mapya yaking'aa, kisha akamtazama aliyekitoa. "Kumbe ulikuja…"

"Nilikuja kukukamata, nimeshakwambia."

"Na kisu?"

"Afya ya ndani," Anyesi akasema.

*

Mkutano mkuu ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Mto ulianza na katapila, ukapita kwa baba yake Luoga, ukawapitia watu wawili waliofulia magunia ya mbolea darajani mwaka juzi. Halafu ukasita. Haukuwahi kusita.

"Mwaka 2046," ukasema, "Anyesi Mtweve, binti wa Petri Mtweve, aliongoza wanawake thelathini na saba, wakachukua mawe yangu yote ya kona kwa siku nne, wakanijengea ukuta. Alidhani ananisaidia. Kudhani si kibali."

Maneno hayo ya mwisho aliyatunga Anyesi mwenyewe, mwaka 2060, dhidi ya watu wa misitu. Yalipigiwa makofi sana.

Uwanja mzima ukamgeukia, kisha ukageukia kipaza sauti, kisha ukarudi kwake, kwa sababu masikio yalikuwa yanawaambia kwamba mama huyu amejishtaki mwenyewe bila kufungua mdomo. Wanawake wa ukuta waliokuwa wamebaki, waliokaa mstari wa mbele na vitenge vya sare, waliinamisha vichwa.

Anyesi akasimama. "Mto umekosea kitu kimoja."

Mstari wa mbele ukapumua. Vichwa vikainuka.

"Umesema wanawake thelathini na saba. Walioyachukua kwa moyo wao ni thelathini na sita. Dada yangu Vestina alisimama majini siku ya kwanza, akaokota jiwe, akasema, haya si ndiyo mawe ya mbasa? Miaka yote sikulikumbuka hilo. Nimelikumbuka jana nikinoa kisu. Mimi nikamjibu…" Akatafuta neno. Mwanamke ambaye hakuwahi kukosa neno akawa analitafuta mbele ya kijiji kizima.

"Uliniambia nifunge mdomo nibebe," Vestina akasema kutoka kwenye kiti chake, bila kuinua macho kwenye sweta.

"Nilimwambia hivyo."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu."

"Miaka ishirini na tisa," Vestina akasema. "Nilidhani nitakufa kabla hujalikumbuka." Akageuza sindano, akaanza mstari mwingine.

Oresta aliitwa kueleza, akaeleza kwa ufupi kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Ukuta ubomolewe, mawe yarudi chini ya maji, yatandazwe mahali maji yanapokimbia kidogo. Ukingo uchongwe uwe na mteremko, ulazwe matita ya matawi yaliyofungwa, juu yake ipandwe mianzi na majani ya mizizi mirefu. Mto uachiwe hatua nane kila upande wa kugeukia, usiwe tena na sababu ya kukimbia. Vinyungu kumi na vinne vilivyo nyuma ya ukuta vitaliwa. Cha Anyesi kilikuwa cha kwanza. Cha Luoga cha tatu.

"Na jina langu pale kwenye kibao?" akauliza Mama Haule wa mstari wa mbele, aliyebeba mawe yale akiwa na mimba ya miezi saba. "Tulivyoteseka vile, Anyesi, leo tuonekane wezi?"

"Litabaki. Andikeni na chini yake kwamba tulikosea. Langu liandikeni mara mbili, na kwa herufi nyembamba."

"Kumbe ulijua ni nene."

"Nilijua."

Mikono ikahesabiwa mara tatu. Waliokubali, na kura ya mto ikiwemo, mia moja na nne. Waliokataa, mia moja na nne. Kanuni inasema kura zikifungana mwenyekiti ataamua. Watu wakageukia koti la kanisani. Kila mmoja alijua ni miaka mingapi Batista Luoga ameisubiri siku ambayo neno la Anyesi Mtweve litakuwa mikononi mwake.

Luoga alijikuna shingo palipokwaruzwa na kamba ya mbeta. Akainua mkono wa kukubali.

"Sababu ziandikwe?" akauliza karani.

"Andika nataka kumwona dada Anyesi akibeba mawe," Luoga akasema. "Asubuhi nilikuwepo. Mengine hayaandikwi."

*

Walibeba Jumapili baada ya misa, na Jumatatu kutwa nzima, kwenye manyunyu. Mstari ulianzia ukutani hadi katikati ya maji, beseni kwa beseni, wanawake wazee wakikaa kwenye vigoda na kupokezana, wakiimba ule ule wimbo wa tarehe tatu Machi kwa sababu hakuna aliyekuwa na wimbo wa kubomolea. Vestina alipewa jiwe la kwanza alitupe. Alilipima mkononi, akasema, "Zito kama lilivyokuwa," akaliachia.

Aliyekaa majini muda wote, maji yakimfika mapajani, akitandaza mawe kwa mikono kama mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa, alikuwa Luoga. Hakuna aliyemtuma. Jumatatu jioni alipotoka midomo imekuwa ya kijivu, akakuta Anyesi amesimama kando ya mianzi na kitenge kikavu mkononi.

Anyesi alifungua mdomo. Ilikuwa wazi kwa kila aliyekuwa karibu kwamba mwaka 2044 ulikuwa kwenye ncha ya ulimi. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Batista."

"Naam."

Akakohoa. "Asante."

Luoga aliangalia nyuma yake kuona ni nani anayeambiwa. Oresta, aliyekuwa akifunga matita ya matawi, aliangalia kishikwambi chake. Mianzi ilikuwa imesikia.

Jumatano, saa mbili kamili, wajumbe watatu walisogea mbele na viti vyao kabla ya kuambiwa.

"Ndugu zangu wa Mahanzi, kamwene," mto ukasema. "Mbasa walikuwa thelathini na wanane. Wametaga usiku wa kuamkia jana na usiku wa kuamkia leo. Mayai yako kati ya mawe na yanapumua. Siwezi kuyahesabu, ni mengi, na sitaki kuyasumbua."

Sanduku likakwaruza kidogo.

"Mwenyekiti Batista Luoga."

Luoga akaweka kikombe chini.

Likatoka neno ambalo mto haukuwa nalo wiki iliyopita, likitanguliwa na kikohozi, kwa sababu hivyo ndivyo ulivyolisikia. "Asante."

Kwenye benchi la nyuma Anyesi alijifanya anatafuta kitu mkobani. Vestina, aliyekuja kwa mara ya kwanza tangu sanduku litundikwe, alimtazama anavyotafuta. Luoga alipangusa macho kwa mkono wa koti, akamshukuru Mungu kimoyomoyo, akafikiria wajukuu zake.

"Sasa," mto ukasema, "turudi kwenye mchanga. Mwaka 2051, tripu kumi na tisa. Nyumba ile yenye nguzo mbili."

Luoga aliinua kikombe, akanywa. Chai ilikuwa bado ya moto.